"Nisainie basi": maadili ya kazi yanaanzia kwenye karatasi ya mahudhurio

Kila muhula ni yaleyale. Karatasi ya mahudhurio inaanza kuzunguka ukumbini, inapita safu za mbele vizuri tu, ikifika nyuma majina yanaanza kuzidi vichwa. Mwenye kalamu anasaini mara tatu kwa miandiko mitatu, anaipitisha, maisha yanaendelea. Ujumbe umeshaingia kwenye simu: "Nisainie basi, nipo njiani." Huyo aliye njiani bado yuko hosteli, shuka limemfunika hadi masikioni. Hakuna anayeona kosa hapo. Tunaita kusaidiana, na asiyesainia wenzake anaonekana mnoko.

Naomba leo niwe mnoko kidogo. Hoja yangu ni kwamba kusainiana ni mazoezi. Tunafanya mazoezi miaka mitatu au minne ya kuweka jina chini ya jambo ambalo hatukuliona, halafu tunategemea kwamba siku ya kwanza kazini tutakuwa watu wengine.

Angalia fani tunazosoma hapa. Mhandisi anasaini michoro na matokeo ya vipimo. Mhasibu anasaini hati ya malipo. Daktari anasaini cheti cha kifo. Mwanasheria anashuhudia hati ya kiapo. Afisa manunuzi anasaini kwamba mali imepokelewa, ikiwa kamili, ikiwa nzima. Ondoa saini kwenye kazi hizi, na nyingi zinabaki mishahara na viti vya kuzunguka. Saini maana yake ni moja tu: nimeona mwenyewe, na nikiulizwa nitajibu. Watu wasiokujua wanapanda ghorofa lako na kumeza dawa yako kwa sababu wanaamini maana hiyo.

Najua wengi tumeshapita kwenye kozi ya maadili. Tunamjua Kant na kanuni yake ya mwaka 1785: usifanye jambo ambalo huwezi kutaka liwe sheria kwa kila mtu. Tunamjua Mill na hesabu yake ya furaha ya wengi. Tunamjua Aristotle aliyesema mtu anakuwa mwadilifu kwa kutenda haki mara kwa mara, kama fundi anavyojua kujenga kwa kujenga. Tunakariri, tunamwaga kwenye mtihani, tunatoka na B+. Shida ni kwamba swali la mtihani lina alama ya kuuliza mwishoni. Kazini swali halitangazi kwamba ni swali la maadili. Linakuja na sauti ya kawaida kabisa: "Dogo, weka saini hapo tufunge jalada."

Chukua mifano ya fildi. Uko site, vipande vya zege vimetengenezwa wiki iliyopita. Kawaida vinapondwa maabara siku ya 7 na tena siku ya 28, ndipo inajulikana kama zege limefikia nguvu iliyotakiwa. Mkandarasi anataka kumwaga ghorofa inayofuata kesho. Unaambiwa ujaze na safu ya siku 28, "tunajua itakavyokuja". Au uko wodini, ni alfajiri, wagonjwa 30, muuguzi mmoja na wewe. Unaambiwa ujaze chati zote, joto na mapigo ya moyo, kabla daktari hajapita, na kipimajoto kinachofanya kazi ni kimoja. Au uko halmashauri, kuna masurufu ya semina ya kurejeshwa, na orodha ya washiriki ina majina 40 wakati chai ilinywewa na watu 22. Hakuna hata mmoja hapo anayekwambia "tuibe" au "tuue". Wote wanakwambia tu "jaza".

Zege halisomi fomu. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Ghorofa likisimama, limesimama kwa nguvu iliyomo ndani yake. Ile iliyoandikwa ofisini haiongezi kitu.

Sasa nije kwenye kisa ambacho nadhani kila anayesoma fani yenye saini angepaswa kukijua. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilikuwa kinasubiri kurushwa kesho yake kutoka Florida. Ulikuwa usiku wa baridi isiyo ya kawaida kwa eneo lile. Wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni ya Utah iliyotengeneza roketi za kukisukuma chombo, waliogopa kwamba mipira inayoziba maungio ya roketi itakakamaa kwa baridi na kuachia gesi ya moto ivuje. Wakapendekeza kisirushwe kama joto liko chini ya nyuzi 53 za Fahrenheit, yaani kama 12 za Selsiasi. NASA hawakufurahi. Mabosi wa Thiokol wakaomba wajadiliane pembeni kwenye simu, na huko mkuu wa wahandisi akaambiwa na bosi wake aache kufikiri kama mhandisi, afikiri kama meneja. Waliporudi hewani, kampuni ilikuwa imebadili msimamo: rusheni.

NASA wakataka hilo liandikwe na kusainiwa. Mtu ambaye kikazi alipaswa kusaini alikuwa Allan McDonald, mwakilishi mwandamizi wa Thiokol aliyekuwepo palepale Florida. Alikataa. Hakupiga kelele wala kuita waandishi wa habari. Alikataa tu kuweka jina lake. Saini ikapatikana kwa kiongozi mwingine aliyekuwa Utah, ikatumwa kwa faksi. Asubuhi chombo kikaruka, na sekunde 73 baadaye kikasambaratika angani. Watu wote 7 waliokuwemo walikufa, akiwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Najua unachofikiri, maana ndiyo hoja ninayoisikia kila nikizungumza jambo hili: kumbe alikataa na bado wakafa. Nisiposaini mimi atasaini mwingine. Sasa nimepata nini zaidi ya kupoteza nafasi?

Hoja hii siyo ya kijinga, na wanafalsafa wameichukulia kwa uzito. Mwaka 1973 Mwingereza Bernard Williams aliiweka kwa mfano wa mkemia aliyemwita George. George hana kazi, afya yake siyo nzuri, ana watoto wadogo, na mke wake analazimika kufanya kazi ili nyumba iende. Anapata nafasi kwenye maabara ya silaha za kemikali na za vijidudu. Anazipinga silaha hizo. Lakini anaambiwa: ukikataa, nafasi inaenda kwa mtu mwenye ari kuliko wewe, na silaha zitatengenezwa haraka zaidi. Kwa hesabu ya Mill tupu, George achukue kazi. Familia itakula, na silaha zitachelewa.

Williams aliona hesabu hiyo imeacha kitu. Inamfanya George awe bomba tu, matokeo yanapita ndani yake kama maji, na haijalishi bomba ni lipi. Wakati sisi sote tunajua kwamba ninalolitenda mimi ni langu kwa namna ambayo la mwenzangu siyo langu. Mwingine akiiba, nimesikitika. Nikiiba mimi, mimi ni mwizi. Kama kila mtu akisema "hata nisipofanya mimi", tutafika mahali jambo baya limefanyika, limesainiwa na watu kumi, na hakuna aliyelifanya.

Na kisa cha McDonald hakikuishia angani. Tume ilipoundwa kuchunguza ajali, ni yeye aliyesimama mwezi Februari kwenye kikao cha ndani, bila kuitwa, akasema kwamba wahandisi walipendekeza chombo kisirushwe. Angesaini, angesimama kusema nini? Jina lake lingekuwa kwenye faksi. Kampuni ilimshusha cheo kwa kusema ukweli, wanasiasa wa bunge la Marekani wakaibana, akarudishwa, na yeye ndiye akaongoza kazi ya kuyabuni upya yale maungio. Vyombo vikaanza kuruka tena mwaka 1988. Kukataa kwake hakukuwaokoa wale 7. Kulimwacha awe mtu ambaye neno lake linaweza kuaminiwa baadaye, na baadaye hiyo ilikuwa na watu wengine ndani yake.

Kuna hoja ya pili, na hii ni nzito kuliko ya kwanza: njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. McDonald alikuwa mwandamizi. Wewe uko fildi, bumu halijaingia, mjomba ndiye aliyekuombea nafasi hiyo, na msimamizi ndiye anayejaza alama zako. Nyumbani kuna wadogo zako wanne wanaosubiri umalize chuo. Mtu anayekwambia "kataa tu" bila kujua hayo anaongea akiwa kivulini.

Nakubali. Ndiyo maana sitaki tuchanganye mambo matatu. Kuripoti uovu ni jambo kubwa, lina gharama, na ingawa tunayo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, sheria hailipi kodi ya chumba. Kupinga mbele ya watu ni jambo la kati. Kutoweka jina lako kwenye usichokiona ndilo la chini kabisa, na mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko tunavyoiogopa. Simdai mwanafunzi wa fildi awe shujaa. Namdai asiwe shahidi wa uongo. Na tukumbuke kwamba jalada likija kufunguliwa, bosi aliyesema "jaza" kwa mdomo haonekani popote. Linaloonekana ni jina lako. Mwenye njaa ndiye hasa asiye na wakili.

Tatizo jingine ni haraka. Mwaka 1973 watafiti wawili, Darley na Batson, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo cha theolojia Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kwenda kutoa hotuba, baadhi yao kuhusu Msamaria Mwema kabisa. Njiani palikuwa na mtu ameinama, anakohoa, anaonekana mgonjwa. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10 tu. Hao ni wanafunzi wa dini! Mada ya hotuba haikuwasaidia sana. Saa ndiyo iliamua. Nasi tutakuwa na saa. Kila saini mbaya huombwa dakika za mwisho, gari linanguruma nje, bosi amesimama mlangoni. Anayesubiri wakati huo ndipo aanze kumkumbuka Kant amechelewa. Linalotoka wakati huo ni mazoea.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne.

Kwanza, tuandae sentensi kabla. Wengi wanasaini kwa kukosa maneno ya heshima ya kukataa. Jaribu haya: "Bosi, shikamoo. Hiki sijakiona, naomba nikione kwanza nitasaini." Au: "Naomba niandike hapa kwamba ni matokeo ya siku 7." Kuandika ukweli pembeni ya saini kumewaokoa wengi, na bosi mwenye nia njema hana sababu ya kuukataa.

Pili, tuzoee kuomba maelekezo kwa maandishi. Agizo baya mara nyingi linakufa lenyewe linapotakiwa kuandikwa.

Tatu, chama chetu kianzishe dawati la fildi. Mwanafunzi aliyeko Songea au Kigoma akikwama awe na namba ya kupiga, apate mhadhiri wa fani yake na mtu wa sheria wa kumsikiliza siku hiyohiyo. Kukataa ukiwa peke yako ni kugumu mno. Na wahadhiri wanaotutembelea fildi wakae zaidi ya dakika kumi na waulize "umeombwa kufanya nini usichokiamini?", badala ya kupekua daftari na kuondoka.

Nne, tuache kusainiana. Najua baadhi ya vipindi vinachosha na mahudhurio ya lazima yana matatizo yake. Tuyapeleke kwa menejimenti waziwazi, tudai wahadhiri wanaofundisha badala ya kutusomea slaidi. Lakini tukidai hayo huku karatasi zetu zimejaa watu hewa, watatusikiliza kwa sikio gani? Viongozi wa madarasa waanze wao: karatasi ikirudi, wahesabu vichwa.

Fildi inaanza wiki chache zijazo. Utapewa barua, daftari la kumbukumbu na jina la msimamizi. Kabla hujapanda basi, kaa na rafiki yako wa fani moja, mkubaliane ni karatasi gani hamtaisaini hata mkiombwa na nani, na mbadilishane namba za simu mtakazopokea hata saa nane usiku.