Mnaocheka muvi za kutafsiriwa, tukutane hapa

Likizo imeisha, nimerudi chuo, bumu bado halijaingia, kwa hiyo nina muda wa kugombana. Leo nagombana na nyie mnaosema muvi za kutafsiriwa ni za washamba. Siwataji majina, mnajijua.

Kwa wasiojua (sijui mmekulia wapi), nazungumzia zile muvi za nje ambazo mtu anashika maikrofoni anakusimulia kwa Kiswahili kila kinachoendelea, sauti yake juu ya sauti ya muvi. Dar es Salaam aliyetamba kwa kazi hiyo ni Derek Mukandala, wengi mnamjua kama Lufufu. Wakenya wana DJ Afro wao, na Waganda wanafanya kwa Kiganda, VJ Jingo ni mmoja wao. Zamani tulikodi kanda, zikaja CD, siku hizi wengi tunapeleka flashi dukani tunajaziwa.

Basi nilipita Korogwe mjini nikapanda nayo nyumbani Vugiri, muvi tatu ndani. Jioni kule milimani baridi kali, hakuna pa kwenda, ni chai na muvi tu. Maoni yangu kwa kifupi:

Commando (1985). Haina haja ya mtafsiri. Jamaa katekewa mtoto, anaua kisiwa kizima. Mdogo wangu kairudia mara tatu.

Oprah (2008), ya marehemu Kanumba, Ray na Irene Uwoya. Waigizaji wako vizuri, ugomvi wangu ni jina. Muvi ya Kiswahili, watazamaji Waswahili, jina la nini hilo? Kabla yake tulishapewa Girlfriend (2003) na Dar 2 Lagos (2006). Kiswahili kilikosa majina?

Titanic (1997), ya kutafsiriwa. Hapa ndipo penye hoja yangu. Hiyo muvi nyumbani tuliwahi kuiangalia kwa Kiingereza chake, na bibi alichoambulia ni kwamba meli imezama. Safari hii, kabla meli haijagusa hata barafu, bibi akasema, "Kumbe huyu mama anamwoza binti yake ili atoke kwenye madeni!" Mama akamtetea, "Sasa mama, yule ni mjane, wangekula nini?" Bibi akamjibu kwamba ujane hauna ruhusa ya kuuza mtoto. Jamani, walibishana mpaka nikasimamisha muvi! Mambo ya mahari, madeni na binti kukosa kauli yanajulikana Vugiri kuliko mnavyodhani. Bibi hakukosa akili ile mara ya kwanza. Alikosa mtu wa kumwambia wanasema nini.

Halafu mje mniambie ni ushamba.

Mbona mwaka 2011 TBC ilipoonyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili hamkucheka? Mpaka Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Azam wakaleta Sultan ya Waturuki ikiongea Kiswahili, mabibi na mabwana mkawahi nyumbani. Sasa kazi hiyohiyo akiifanya Mswahili mwenye maikrofoni moja uswahilini, inageuka aibu. Na Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare, tukapata Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye alikuwa mshamba? Hivyo vitabu mnavitaja kwenye semina kwa mbwembwe kabisa.

Najua mtasema hawa jamaa wanapotosha. Kweli, wanaongeza chumvi, wanafunika muziki, na wengine utani wao kwa wanawake unakera, hilo siwatetei. Mtasema pia wanaua Bongo Movie. Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kulalamikia biashara ya muvi za nje, na kwenye kodi na hakimiliki wana hoja. Mtu alipie kazi ya mwenzake. Lakini hoja ya kodi ni ya kodi. Haimfanyi bibi yangu kuwa mjinga kwa kutaka kuelewa anachokiangalia.

Na sisi wa ualimu ndio hatuna kabisa haki ya kucheka. Tunaenda kupokea watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wanafika kidato cha kwanza wanakuta baiolojia, jiografia, hesabu, vyote Kiingereza. Mwalimu anasoma notisi, darasa zima linaitikia kwamba limeelewa, mtihani ukija karatasi nyeupe. Wote tumepita humo, tusidanganyane. Mtafsiri mzuri wa muvi anajua hadhira yake imeachwa wapi. Anakatisha, anaeleza huyu ni nani wa yule, anafananisha na kitu unachokijua, ndipo anaendelea. Hiyo kwenye kozi zetu tunaiita mbinu ya kufundishia na tunaitungia insha. Mwenzetu anaifanya kwa ujira mdogo, na akiboa watu wanaondoka.

Sisemi tuache Kiingereza, nakihitaji kama nyie. Ila mkienda mazoezi ya kufundisha, mtoto akiuliza swali kwa Kiswahili msimcheke wala msimnyamazishe. Mtafsirieni, halafu mrudi kwenye Kiingereza naye akiwa pamoja nanyi. Ukishindwa kueleza usanisinuru kwa lugha anayoijua, jiulize kama wewe mwenyewe uliuelewa au uliukariri.

Titanic ya kutafsiriwa ninayo kwenye flashi. Anayeitaka aje chumbani, ila aje na vocha, bumu nimeshawaambia.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye ubishi atiririke hapo chini.