Jezi ya zamani isiwe kura ya bure

KILA uchaguzi unapokaribia kwenye klabu na vyama vyetu vya michezo, wachezaji wa zamani huanza kuonekana. Mmoja anachukua fomu, anapigwa picha akiwa ameishika, na kufika jioni kijiweni hoja ni moja tu: “Huyu mpira ameucheza, anaujua.” Mjadala unafungwa hapo.

Hatuna ugomvi na wachezaji wa zamani. Tuna ugomvi na mjadala kufungwa mapema namna hiyo.

Leo tunaomba msomaji aiache Ligi Kuu kidogo, twende Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2012, Adam Taliaferro, mchezaji wa zamani wa timu ya Chuo Kikuu cha Penn State, aligombea ujumbe wa Bodi ya Wadhamini, chombo kikuu kinachokiongoza chuo hicho. Aligombea wakati chuo kikiwaka moto, na moto wenyewe ulianzia kwenye timu.

Kwanza tuelewane. Kule Marekani timu ya chuo ni kama Simba au Yanga kwa hapa. Wanaocheza ni wanafunzi, na mpira wenyewe si huu wetu, ni ule wa kubeba mkononi, wa kuvaa helmeti na kukumbana. Lakini uwanja wa Penn State, Beaver Stadium, unaingiza watu zaidi ya 100,000. Mkapa wetu unachukua 60,000.

Na sisi si wageni kabisa wa mfumo huo. Suleiman Nyambui alikuwa akikimbia kwa jezi ya Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso miaka ileile aliyotuletea medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Moscow, mwaka 1980.

Tofauti kubwa iko kwenye uongozi. Bodi ya Penn State wakati huo ilikuwa na wajumbe 32. Sita waliteuliwa na gavana wa jimbo, sita walichaguliwa na vyama vya wakulima, maana chuo kilianza mwaka 1855 kama shule ya wakulima. Sita walitoka kwenye biashara na viwanda, watano waliingia kwa vyeo vyao, na tisa walichaguliwa kwa kura na wahitimu wa chuo. Kila mwaka viti vitatu vya wahitimu vinagombewa. Yaani ni kama wanachama wa klabu wenye kadi, wanapiga kura.

Sasa huyo Taliaferro. Septemba 23, 2000, akiwa na miaka 18 na mwaka wa kwanza chuoni, alikuwa mlinzi wa Penn State ugenini kwa Ohio State. Mechi ilikuwa imeshawashinda, wanafungwa kwa mbali. Akaenda kumkaba mpinzani mwenye mpira, kichwa kikagonga vibaya, pingili ya tano ya shingo ikavunjika. Akabaki chini, hawezi kusogeza miguu.

Madaktari walimpa nafasi ya kama asilimia tatu ya kutembea tena. Tatu kwa mia. Alipelekwa Philadelphia kwa mazoezi ya miezi mingi. Septemba 1, 2001, hata mwaka haujatimia, alitokea kwenye njia ya kuingilia uwanjani pale Beaver Stadium akiwaongoza wenzake kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya umati wa zaidi ya watu 100,000. Waliokuwepo walilia.

Hakucheza tena. Alisoma, akawa mwanasheria, akaanzisha taasisi ya kusaidia watu walioumia uti wa mgongo, na mwaka 2011 akachaguliwa kuwa mjumbe wa serikali ya kaunti nyumbani kwao New Jersey. Ukimpa mtu huyu fomu ya kugombea chochote Penn State, nani atamnyima kura?

Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Novemba 2011, Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi wa timu hiyo kwa miaka mingi, alishtakiwa kwa kuwadhalilisha kingono watoto wa kiume. Siku chache baadaye, usiku wa Novemba 9, bodi ilimfukuza kazi kwa simu kocha mkuu Joe Paterno. Huyo si kocha wa kawaida. Alikuwa na misimu 46 kwenye benchi na ushindi wa mechi 409. Kosa alilolaumiwa ni kwamba aliambiwa jambo mwaka 2001, akalipeleka kwa wakubwa zake, akaishia hapo. Usiku ule wanafunzi waliingia barabarani na kupindua gari la kituo cha televisheni. Januari 2012 Paterno akafariki dunia.

Uchaguzi wa bodi ukafuata majira hayohayo ya kuchipua. Kwa viti vitatu tu walijitokeza wagombea 86. Kura zilizopigwa zilizidi 37,000. Taliaferro alishinda, pamoja na mfanyabiashara Anthony Lubrano na Ryan McCombie, mwanajeshi mstaafu wa majini.

Tuseme ukweli, hasira iliyojaza masanduku yale ilikuwa ya kocha. Sehemu kubwa ya kelele za kampeni ilikuwa juu ya namna Paterno alivyofukuzwa, nani alipiga simu, kwa nini hakuitwa ana kwa ana, na nani kwenye bodi ile aondoke. Kulikuwa na hoja ndani yake. Mtu aliyekutumikia karibu nusu karne humfukuzi kwa simu ya usiku.

Lakini katika mkasa ule kulikuwa na watoto. Wiki saba tu baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, Juni 22, 2012, baraza la mahakama lilimkuta Sandusky na hatia katika makosa 45 yaliyohusu watoto kumi. Watoto hao hawakuwa wahitimu wa Penn State. Hawakuwa na kadi ya kupigia kura. Hakuna kiti hata kimoja kati ya vile 32 kilichokuwa chao.

Ndiyo maana tunasema mjumbe wa bodi ana kazi ngumu kuliko mchezaji. Mchezaji anawatumikia wanaoshangilia. Mjumbe anatakiwa kuwatumikia hata wasio na sauti uwanjani, na wakati mwingine dhidi ya wanaoshangilia.

Je, Taliaferro hakufaa? Hatusemi hivyo, na wala si haki kumhukumu mtu kwa hasira za waliompigia kura. Tena kuna hoja nzito upande wake. Kwenye meza iliyojaa matajiri na wateule wa gavana, alikuwepo angalau mmoja aliyelala hospitalini na shingo iliyovunjika kwa ajili ya jezi ya chuo. Huyo anajua mchezo unaweza kumfanya nini mwanafunzi. Pia alikuja na sheria kichwani na uzoefu wa kukaa kwenye kikao cha umma. Jezi ilimfungulia mlango, lakini hakuja na jezi tupu.

Tunachosema ni kwamba mpiga kura alipaswa kumuuliza swali moja zaidi. Siku ambayo chuo unachokipenda kimekosa, utasimama wapi?

Gharama ya kutouliza swali hilo mapema ilikuja kuonekana. Julai 2012 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliitoza Penn State dola milioni 60, kikaifungia mechi za baada ya msimu kwa miaka minne na kuifutia ushindi wa tangu 1998, ingawa ushindi huo ulirudishwa mwaka 2015. Chuo kimelipa waathirika zaidi ya dola milioni 100. Aliyekuwa rais wa chuo, Graham Spanier, alitumikia kifungo jela mwaka 2021 kwa kuhatarisha ustawi wa watoto. Yote hayo yalitokana na watu wazima, wenye vyeo, walioona ni afadhali jambo liishe kimyakimya.

Sasa tuvuke jimbo, twende Michigan. Kule wajumbe wa bodi za vyuo vikuu vitatu vikubwa huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima, kwa tiketi za vyama vya siasa. Mitch Lyons, aliyeichezea Michigan State kisha akaenda ligi ya kulipwa ya NFL, alichaguliwa kwenye bodi ya chuo hicho mwaka 2010. Miaka miwili baadaye akachaguliwa mwenzake, Brian Mosallam, naye mchezaji wa zamani wa timu hiyohiyo.

Januari 2018 moto ukawafikia na wao. Daktari wa wanamichezo wa chuo, Larry Nassar, alikuwa mahakamani akisubiri hukumu kwa kuwadhalilisha wasichana na wanawake, wengi wao wanasarakasi. Zaidi ya 150 walitoa ushuhuda wao, siku baada ya siku, nchi nzima ikisikiliza. Wakati ushuhuda unaendelea, bodi ya Michigan State ilitoa tamko kwamba rais wa chuo, Lou Anna Simon, bado ndiye anayefaa kuongoza.

Kesho yake Lyons alitoka hadharani peke yake, akasema hakubaliani na wenzake na kwamba rais ajiuzulu. Siku chache baadaye, Januari 24, Nassar alihukumiwa miaka 40 hadi 175, na siku hiyohiyo Simon akaachia ngazi. Mwezi Mei chuo kilikubali kulipa dola milioni 500.

Mtu anaweza kumuuliza Lyons: “Ulikuwa wapi miaka saba uliyokaa pale?” Ni swali la haki, na bodi nzima ilistahili kuulizwa. Lakini siku ile, kati ya waliokuwa mezani, aliyekuwa wa kwanza kuuvunja ukimya alikuwa mtu aliyevaa jezi ya chuo. Upendo wake kwa timu haukumfunga mdomo. Huyo ndiye mchezaji wa zamani tunayemtaka kwenye uongozi. Na wapiga kura wa Michigan hawakukaa na majina kwa mazoea. Mwaka 2020 Mosallam aliomba tena, jina lake na jezi yake vikiwa vilevile, wakamnyima.

Turudi nyumbani. Tumewahi kuwa na mfano mzuri. Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos kwenye Fainali za Afrika mwaka 1980. Alipochaguliwa kuongoza soka la nchi hii mwaka 2004, hakuja na unahodha peke yake. Alikuwa mhandisi, mtu wa vikao na makaratasi, na alilikuta shirikisho likiwa na migogoro isiyoisha. Aliliongoza hadi 2013. Unahodha ulimpa heshima ya kusikilizwa, mengine aliyafanya kwa shule na utulivu wake.

Kwa hiyo mgombea mwenye jezi akija kwako, mwanachama mwenzetu, mpokee vizuri, mpe mkono, mkumbushe lile bao lake. Halafu muulize. Tangu utundike daluga umefanya nini? Umewahi kusoma mahesabu ya klabu hii, au utasomewa? Na kubwa kuliko yote: siku mzazi wa mtoto wa akademi yetu atakapokuja kulalamika juu ya kocha uliyecheza naye, rafiki yako wa damu, utamsikiliza nani?

Swali hilo la mwisho si la Wamarekani tu. Akademi zimejaa kila mkoa sasa, na ni jambo jema. Watoto wa miaka 12 na 13 wanalala kambini, wanasafiri usiku, wanamtegemea kocha kwa chakula, viatu na ndoto. Wazazi wanawakabidhi kwa kuamini jina la klabu. Hao watoto hawapigi kura kwenye mkutano mkuu. Hawana tawi, hawana mwenyekiti wa tawi, hawana vuvuzela.

Kwa mtazamo wetu, kila klabu inayokusanya watoto iwe na mtu mmoja anayejulikana wa kupokea malalamiko yao, asiye kocha wala rafiki wa kocha, na taarifa zake zifike kwenye kamati ya utendaji na kwa polisi inapobidi, bila kupitia kwa wakubwa wa benchi la ufundi. Pale Penn State taarifa ilipanda ngazi kutoka kwa mkubwa hadi kwa mkubwa, kila mmoja akaona ameshatimiza wajibu wake, na mtoto akabaki palepale.

Na wanaogombea, wachezaji wa zamani mkiwa wa kwanza, waseme wazi kwenye kampeni kwamba watalisimamia hilo. Atakayelikwepa, hata kama aliwahi kutufungia bao la fainali dakika ya 90, tumpigie makofi, tumpe jezi ya kumbukumbu, kura tumnyime.