Saa ya 'kupima kila kitu' isikuhadae

UKIPITA Luthuli Avenue jijini Nairobi, hukosi kuona saa za mkononi zinazounganishwa na simu. Baadhi ya wauzaji watakuambia zinapima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili na hata sukari. Huenda ukajiuliza, msomaji, ya nini kununua mashine mbili tatu ilhali saa moja inatosha?

Kwa maoni yangu, mtu mwenye afya anayetaka kuhesabu hatua anazotembea na mapigo ya moyo anaweza kununua saa bila wasiwasi. Lakini aliye mgonjwa asiitegemee.

Saa hizi humulika ngozi kwa taa ndogo na kufuatilia damu inavyopita. Njia hiyo hufaa kuhesabu mapigo ya moyo, hasa ukiwa umetulia. Shinikizo la damu ni jambo jingine. Kipimo cha kuaminika hutoka kwa mashine yenye mkanda unaofungwa mkononi, juu ya kiwiko. Hata kampuni ya Samsung, ambayo baadhi ya saa zake hupima shinikizo, humtaka mtumiaji azirekebishe kila baada ya siku 28 kwa mashine iyo hiyo ya mkanda. Kwa hivyo saa haikuondolei gharama ya mashine.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye sukari. Mnamo Februari 2024, FDA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya matibabu, ilionya umma usitumie saa wala pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Haikuwa imeidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari akidanganywa na saa kwamba sukari imepanda, anaweza kujidunga insulini asiyoihitaji. Sukari ikishuka kupita kiasi, huzirai, na asipopata msaada haraka anaweza kufa.

Kwa hivyo, ikiwa pesa zako ni chache, anza na kifaa cha ugonjwa ulio nao. Mwenye kisukari anunue mashine inayotumia tone la damu, na kabla ya kulipa aulize bei ya vijikaratasi vyake vya kupimia, kwa kuwa hivyo atavinunua kila mara. Mwenye shinikizo anunue mashine ya mkanda. Kabla ya kupima, keti utulie kwa dakika 5. Ukipata 135 kwa 85 au zaidi nyumbani kwa siku kadhaa, muone daktari.

Mashine nyingine hutuma vipimo kwenye simu. Yako isipoweza, daftari la kawaida litafaa. Liandike tarehe na saa, kisha ulibebe kliniki. Na usiache kamwe kumeza dawa kwa sababu saa imekuambia umepona.

Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Katika afya, atakachokosa huenda kikawa uhai wake.