Simu za Batani Zimerudi Mjini: Ubosi au Kupigwa Tu?

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, alitupia picha akiwa kwenye hoteli moja kali ya Dar. Suti imekaa, miwani ipo, kahawa inafuka, na pembeni ya kikombe imelala BlackBerry ya batani. Juu kioo cha kupangusa, chini herufi zote kuanzia Q mpaka M. Wiki haikuisha. Stetasi za vijana wa Mwanjelwa na Kabwe kule Mbeya zikajaa picha za pozi hilohilo, na za Kihesa na Mashine Tatu pale Iringa nazo hazikubaki nyuma. Simu za mabosi zimerudi mjini!

Sasa mdau, kabla hujachomoa hela mfukoni, sikia ya jamaa mmoja wa Mwanjelwa.

Huyu kijana anauza mchele. Anachukua Kyela na Usangu, anatafuta wateja Dar kwa simu, mzigo unapakiwa, hela inaingia. Hana ofisi, ofisi yake ni simu. Alipoiona ile picha ya staa, akauza Android yake, akaongezea na hela ya mtaji, akanunua Bold 9900 "mpya kwenye boksi". Kitaa kilimkubali. Akawa anaiweka mezani kifudifudi ili nembo ionekane. Noma sana.

Siku ya nne mteja wa Dar akapiga. Anataka gunia 40. "Nitumie picha na video ya mchele WhatsApp sasa hivi, nina watu wawili wengine wananisubiri." Jamaa akaanza kuhangaika na batani zake. WhatsApp hakuna. Akakimbia nyumbani kuazima simu ya mdogo wake, kurudi hewani mteja keshanunua kwa mwingine. Gunia 40 zimepita hivihivi kwa sababu ya sifa.

Wengine walimcheka. Lakini hii si ya kucheka, maana vijana wengi wanaingia mkenge uleule bila kujua wananunua nini.

Ukweli ni huu. Bold 9900 ilitoka mwaka 2011 na enzi zake ilikuwa mashine kwelikweli. Kioo cha inchi 2.8 cha kupangusa, batani laini ambazo mtu anaandika barua pepe bila kuangalia, na mwili mwembamba wenye ukingo wa chuma. Enzi hizo mjini watu hawakuombana namba, waliombana PIN ya BBM. Hata Obama alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 2009 aligoma kuiachia BlackBerry yake. Nokia nao walikuwa na E6 na E7, na kwa wenye mfuko mwepesi ikaja Asha 303, batani na tachi kwenye simu moja. Heshima ya simu hizi haikuwa ya uongo.

Ila dunia haikusimama. WhatsApp iliacha kuhudumia simu za Symbian kama hizo E6 na E7 katikati ya mwaka 2017, na mwisho wa mwaka huohuo ikaziacha BlackBerry za mfumo wa zamani. BBM ya watu wa kawaida ikafungwa 31 Mei 2019. Halafu ikaja nyundo ya mwisho: kampuni yenyewe ya BlackBerry ilitangaza kwamba kuanzia 4 Januari 2022, simu zenye mfumo wa BlackBerry 7.1 kushuka chini, pamoja na zile za BlackBerry 10 kama Q10, Classic na Passport, hazitegemewi tena kwa intaneti, kupiga, meseji, wala namba za dharura. Yaani mwenye mali kasema mwenyewe. Sasa anayekuuzia leo na kukuambia "hii ni mashine ya kazi" anakuuzia ganda jipya lenye roho ya zamani.

Je, hiyo ina maana batani hazifai kabisa? Hapana. Hapo ndipo wengi wanaopinga nao wanakosea.

Hamia Iringa. Kuna dada mmoja maarufu tu Instagram, wa Gangilonga, anafanya biashara ya mbao na parachichi kutoka Mufindi. Huyu anatumia BlackBerry KEY2, na hajanunua kwa pozi. KEY2 ilitoka 2018, ina batani lakini ndani ni Android. WhatsApp ipo, apu za benki na za miamala zipo, ramani ipo. RAM yake GB 6 na betri ya mAh 3500. Kwenye kitufe cha nafasi kuna alama ya kidole, na kila herufi unaweza kuipangia kazi: bonyeza W ifungue WhatsApp, bonyeza K ifungue kikokotoo. Ukipapasa juu ya batani zenyewe ukurasa unashuka kama tachi. Mtu anayejibu wateja mia kwa siku anaelewa raha ya kitu hicho.

Na kuna faida za kwetu huku ambazo mtu wa Dar hawezi kuziona. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, Mbeya na Iringa vidole vinakufa ganzi. Umevaa glovu, kioo hakikusikii, ila batani inabonyea. Mvua ya Tukuyu ikiloanisha kioo, tachi inajiandikia yenyewe, batani haina habari. Kina dada wenye kucha ndefu nao wanajua mateso ya kuandika kwenye kioo. Na Kiswahili chetu je? Simu nyingi za tachi unaandika neno la kwenu, yenyewe inakubadilishia Kizungu, mteja anasoma kitu kingine kabisa. Kwenye batani unaandika herufi kwa herufi, na ukizima marekebisho ya yenyewe, unachobonyeza ndicho kinachokwenda.

Lakini hata huyo dada hafichi kasoro zake. Kwanza tarakimu. Kwenye batani za BlackBerry namba zimechanganywa na herufi, ukitaka kuandika bei lazima ushike kitufe cha Alt kwanza. Kwa mfanyabiashara anayetuma bei kutwa nzima, hiyo ni kero. Pili, KEY2 iliishia Android 8.1, haikupandishwa rasmi kwenda juu zaidi. TCL waliokuwa wakizitengeneza waliacha kuziuza mwisho wa Agosti 2020. Kwa hiyo kadiri miaka inavyokwenda apu zitaendelea kuikimbia, hasa za benki. Tatu, kioo kikipasuka, fundi wa pale sokoni anakuangalia tu. Spea za Tecno na Samsung zipo kila kona, za KEY2 mpaka ziagizwe. Ndiyo maana dada huyo mkobani ana kitochi cha pili chenye laini ya miamala. Batani zinampa kasi, kitochi kinamlinda. Huo ndio utumiaji wa akili.

Kwa hiyo mdau, ukikutana na simu ya batani na roho ikakudunda, usiulize kwanza nani kaishika Instagram. Uliza haya. Ni Android au mfumo wa zamani? Kama si Android, rudisha mezani uondoke. Android yenyewe ni toleo la ngapi? Ingiza WhatsApp na apu ya benki yako palepale dukani kabla hela haijatoka, zikigoma na wewe goma. Weka laini yako, piga, washa data, usikubali habari ya "itafunguka tu". Bonyeza *#06#, chukua IMEI, itume kwenda 15090 uone kama namba inalingana na simu iliyo mkononi. Tusisahau Juni 2016 TCRA ilivyozizima simu feki, watu wakabaki na mapambo. Na mwisho, muulize fundi wako kioo na betri vinapatikana wapi. Akikuna kichwa, jibu umelipata.

Ukimaliza maswali hayo na bado unaitaka, chukua, ufurahie. Hakuna dhambi kupenda batani. Ila kwa kijana anayeanza, mwenye laki mbili tatu za kuzungusha, Android ya kawaida ya kupangusa pamoja na kitochi cha kukaa na chaji ni ofisi kamili. Haitakupa stetasi ya kibosi, itakupa oda.

Yule jamaa wa Mwanjelwa? Bold yake kaiuza kwa hasara, kanunua Android used, sasa hivi video za mchele zinapanda kila asubuhi. Wiki iliyopita yule mteja wa gunia 40 kamrudia, safari hii kataka 25. Kapakia siku hiyohiyo. Hakuna aliyemuuliza anatumia simu gani.

Na yule staa wa hoteli? Wanaomfahamu wanasema ile BlackBerry ilikuwa ya kupigia picha tu. Kazi zake zote anafanyia kwenye simu nyingine iliyokuwa mfukoni.

Haya wana Mbeya na wana Iringa, nani bado anatumia batani na inamlipa? Na nani kashapigwa? Funguka.