Eti Garissa kuna joto, punguza upepo wa tairi?

Kuna imani moja inayokimbia katika barabara ya Thika–Garissa kuliko hata magari ya miraa. Utaisikia kwa madereva, kwa matanboi, hata kwa baadhi ya mafundi wa pancha: "Huko chini ni joto, tairi ikijaa sana itapasuka. Toa upepo kidogo."

Leo nimeamua kuipinga imani hiyo hadharani, kwa sababu mbili. Kwanza, ni ya uongo, na uongo huu unaua. Pili, watu waliochunguza magurudumu kuliko mtu yeyote duniani, yaani wale wa kuvunja rekodi za kasi ya nchi kavu, hufanya kinyume chake kabisa.

Tuanze na hao wa rekodi.

Tarehe 15 Oktoba 1997, katika jangwa la Black Rock kule Nevada, Marekani, Andy Green aliendesha gari liitwalo ThrustSSC kwa kilomita 1,228 kwa saa. Likawa gari la kwanza kuipita kasi ya sauti na kuandikiwa rekodi. Kila mtu husimulia zile injini zake mbili za ndege ya kivita. Sasa niulize: tairi zake zilikuwa za kampuni gani? Hazikuwepo! Lilikimbia kwa magurudumu ya aluminiamu tupu.

Kwa nini? Hapa hakuna uchawi, ni hesabu ya shule. Chukua Bloodhound, gari la Waingereza lililobuniwa lifike kama kilomita 1,609 kwa saa. Hiyo ni mita 447 kila sekunde. Gurudumu lake lina kipenyo cha sentimita 90, kwa hiyo nusu yake ni mita 0.45. Zidisha 447 kwa 447, gawanya kwa 0.45, kisha linganisha na nguvu ya mvutano wa dunia. Utapata zaidi ya mara 45,000. Maana yake, gramu 1 tu ya kitu kilichoko ukingoni mwa gurudumu inavutwa nje kama mzigo wa kilo 45. Mpira gani utavumilia hayo?

Ndiyo maana Bloodhound lilipojaribiwa kwa mwendo wa kama 340 kwenye uwanja wa ndege wa Newquay mwaka 2017, lilivalishwa tairi za ndege za zamani za kivita aina ya Lightning. Lakini lilipokwenda Hakskeen Pan, Afrika Kusini, mwaka 2019 na kufika kilomita 1,010 kwa saa, mpira uliwekwa kando likavishwa magurudumu ya aluminiamu.

Na waliokimbia kwa mpira je? Donald Campbell alipofika kilomita 648 kwa saa kule Lake Eyre, Australia, mwaka 1964, alikuwa na tairi za Dunlop. Tairi za namna hiyo huwa na ngozi nyembamba sana ya mpira juu, na hujazwa upepo mpaka ziwe ngumu kabisa. Wembamba ni ili kusiwe na mpira mwingi wa kutupwa nje na wa kushika moto. Ugumu ni ili tairi isijikunje.

Neno hilo "isijikunje" ndilo kiini cha makala haya. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua haraka mara thelathini, halafu ukiguse pale kwenye kona. Kina moto, na hakuna jua lililokipiga. Tairi nayo ni hivyo hivyo. Kila inapozunguka, sehemu inayokanyaga lami hubonyea kisha hunyooka. Joto linaloua tairi hutoka zaidi ndani yake yenyewe, kwa kule kukunjwa. Jua la Garissa na lami yake huongezea tu.

Basi la abiria lenye gurudumu la nusu kipenyo cha nusu mita, likienda 100 kwa saa, huzungusha gurudumu karibu mara 9 kila sekunde. Kutoka Nairobi hadi Garissa, kila sehemu ya tairi inakunjwa zaidi ya mara 100,000. Ukitoa upepo, kila mkunjo unakuwa mkubwa zaidi. Umeongeza joto ukidhani unalipunguza!

"Lakini mimi hupima njiani na upepo umepanda!" Naam, lazima upande. Umejaza 36 asubuhi tairi ikiwa na nyuzi 27. Njiani hewa ya ndani ikifika nyuzi 72, kipimo kitasoma kama 43. Tairi iliundwa ikijua hayo, na ndiyo maana kipimo cha kiwandani ni cha tairi baridi. Sasa wewe umetoa mpaka ikarudi 36. Kesho asubuhi ikipoa utakuwa na 29, na utapakia watu na magunia juu ya 29 hiyo.

Anayetaka ushahidi wa damu, asome kisa cha Firestone na Ford Explorer. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliita zirudishwe tairi milioni 6.5 baada ya ngozi zake kuchanika mwendoni na magari kupinduka. Tairi zenyewe zilikuwa na kasoro, hilo halina ubishi. Lakini tazama zilikochanika sana: kwenye joto, kama Texas, Arizona na Saudi Arabia, kwa kasi kubwa na mizigo mizito. Na Ford walikuwa wamependekeza upepo wa 26, wakati Firestone baadaye walisema ingefaa 30. Joto, mzigo, kasi, upepo mdogo. Je, hiyo si safari ya Garissa?

Nikiri haki ya wazee wa barabara: imani hii ina asili. Kwenye mchanga wa kuelekea Liboi au Hulugho, kutoa upepo ni busara. Tairi hutandaa na gari halizami. Ila kule unakwenda polepole. Balaa huja dereva anapofika lami, anakanyaga mafuta, na upepo ni ule ule wa mchangani.

Serikali nayo? Sheria za Michuki zilianza kutumika Februari 2004, zikaleta spidi gavana ya 80. Vizuri. Lakini mimi ni mtu wa programu, na nikiona mfumo wenye vigezo vitano (kasi, mzigo, upepo, joto na umri wa tairi) unaokagua kimoja tu, siuiti usalama. Marekani, baada ya kisa cha Firestone, walitunga sheria, na kufikia mwisho wa 2007 kila gari dogo jipya lilitakiwa kuwa na kihisi cha upepo. Kihisi hicho si roketi. Msimbo wake ni mfupi kuliko wa michezo tunayopakia kwenye simu.

Mpaka hilo lifike kwetu, fanyeni haya:

1. Pimeni upepo asubuhi kabla ya safari, na mfuate kibandiko cha mlangoni.

2. Msitoe upepo tairi ikiwa moto. Mkitoa kwa ajili ya mchanga, rudisheni kabla ya lami. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari inatosha.

3. Someni ubavu wa tairi. "88S" maana yake ni kilo 560 kwa tairi moja na kasi isiyozidi 180, ikiwa ina upepo sahihi. Ukipakia kupita hapo, herufi hiyo haikuhusu tena.

4. Tafuteni tarakimu nne za mwisho za DOT. "2314" ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Meno yanaweza kuwa mazima na mpira umeshazeeka.

Na wewe abiria, ukimwona tanboi anabonyeza kichungi ili tairi ya moto ipumue, usikae kimya. Nauli uliyolipa ni ya kufika.