Usimzike Mzee kwa Mstari Mmoja

Wasee, leo nitasema kitu na najua wengine watanuna. Vile tunaandika historia ya marehemu huku kwetu ni aibu. Programu ya mazishi ina kurasa za rangi, picha ya mzee amevaa koti, halafu miaka tisini yote inabanwa kwenye aya tatu. Alizaliwa, alioa, alijaliwa watoto, aliugua. Na kama mzee alikuwa askari, anapewa mstari mmoja tu: "Alihudumu jeshini." Wapi? Na kina nani? Alirudi vipi? Kimya.

Mimi ni wa Chala, kule ziwa liko ndani ya shimo la volkeno, nusu yetu, nusu Tanzania. Machi 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilipita hapa kwetu likiwafukuza Wajerumani Taveta. Mwezi mmoja kabla, tarehe 12 Februari, lilikuwa limechapwa pale kilima cha Salaita. Wageni huja mpaka leo kutembezwa kwenye hizo sehemu, na majina ya majenerali wanayajua yote. Sasa muulize mtu akutajie mpagazi mmoja aliyebeba risasi na unga wa jeshi hilo. Mmoja tu. Unajua Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar? Hayo majina yametoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Tumebaki na jina la soko, majina ya watu yamepotea.

Na sisemi hivi kwa hasira zangu tu. Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita, Commonwealth War Graves Commission, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ile Vita ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Mzungu alipewa jiwe lake. Mwafrika alihesabiwa kama mzigo uliopotea njiani.

Vita ya Pili ilikuja na mambo yale yale. Vijana wa KAR walipelekwa hadi Burma, na 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata Wajapani bonde la Kabaw, mvua juu, matope chini, malaria kila mahali. Vita ilipoisha wakalipwa kiinua mgongo. Kwa kila mwezi wa utumishi, mzungu wa cheo cha chini kabisa kutoka makoloni ya huku alihesabiwa shilingi 10. Mwafrika wa cheo hicho hicho, shilingi 3 na senti 50.

Babu yangu, baba mzazi wa baba yangu, alikuwa mmoja wa waliorudi. Alifariki nikiwa darasa la nne, amepita miaka tisini. Shangazi anasema hakupenda kuongea kuhusu Burma, lakini Burma ilikuwa kwa mwili wake. Kila asubuhi blanketi lilikunjwa pembe nne, hata akiwa mgonjwa. Kila jioni aliwahesabu watoto kabla chakula hakijapakuliwa, na mmoja akikosekana hakuna aliyekula. Shangazi na ndugu zake walidhani ni ukali. Leo shangazi anasema, "Baba aliogopa kupoteza mtu tena." Hiyo sentensi moja inanifunza kuhusu babu kuliko ile programu yote. Alikuwa askari miaka michache tu, baba zaidi ya miaka sitini, na huwezi kuelewa huyo baba kama umeruka huyo askari.

Kuna watu wataniambia, "Hiyo ilikuwa vita ya mzungu, ya nini kuikumbuka?" Sawa, ilikuwa ya mzungu. Lakini miguu iliyooza kwenye matope ilikuwa ya babu. Kumkumbuka si kumshukuru mfalme wa Uingereza. Mkoloni alikataa kuandika jina lake. Sisi nasi tukimwandikia mstari mmoja, si tunammalizia mkoloni kazi yake?

Wale wa Burma ambao bado wako wanakaribia au wamepita miaka mia. Lakini usidhani hii ni habari ya zamani tu. Kuna baba wa mtu alikuwa Namibia 1989 na kofia ya buluu ya UN. Kuna wa Sierra Leone. Kuna wa Somalia tangu 2011, na huyo pengine saa hii ako kwa kochi anaangalia taarifa, na wewe uko chumba cha pili unaskroli.

Sina digrii ya historia, na hii kazi haihitaji digrii. Uko na simu. Kaa naye. Usianze na "ulipiga wangapi?" Anza na "mlikuwa mnakula nini?", "rafiki yako alikuwa nani?", "siku ya kurudi nyumbani, nani alikuona kwanza?" Muulize kwa lugha ya nyumbani, kuna vitu havitoki kwa Kiswahili. Akinyamaza, mwachie. Akikwambia usiposti, usiposti. Weka nakala kwa shangazi, andika majina anayotaja, hasa ya wenzake ambao hawakurudi. Huenda yeye ndiye wa mwisho duniani anayeyajua.

Halafu siku ikifika, mpeni kurasa zake.