Wanafunzi Waandike Habari za Mito Yao

Mito mingi ya Kitui na Makueni ni ya msimu. Hufurika siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu. Hata hivyo, kati ya chembe za mchanga huo maji hujihifadhi, jua lisiyafikie, nayo huchimbuliwa na kina mama wakati wa kiangazi. Ndiyo sababu malori yalipouzoa mchanga kwenda kujengea miji, visima vilikauka na kingo zikabomoka. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka 2015. Huko Kitui, wakazi wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga ili maji yakae.

Ni nani basi anayeandika habari za mabonde haya yanayopona? Waandishi wa habari hufika siku ya maafa. Siku ya nafuu hawaonekani. Kazi hii yawafaa wanafunzi, kwa kuwa wao wapo siku zote. Kwa simu moja ya mwalimu, chama cha wanahabari cha shule chaweza kupiga picha ya mto ule ule, kutoka mahali pale pale, kila muhula, na kunasa sauti za wazee waliouona ukiharibika.

Faida yake si ya kukisia. Picha za mwaka 1937 zilionyesha mashamba ya Machakos, wilaya iliyojumuisha Makueni hadi 1992, yakiwa yamechunika. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walithibitisha kwamba ardhi hiyo ilikuwa imepona, ingawa watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano. Bila picha za kale, nani angesadiki?

Aidha, wanafunzi wahifadhi maneno ya wenyeji. "Mwethya" wa Wakamba si ushirikiano tu. Ni utaratibu mzima wa kufanya kazi kwa zamu na kwa pamoja. Matuta ya "fanya juu" yalienea kutoka Ukambani, na leo jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya kilimo vya kimataifa.

Wapo watakaodai kwamba mitihani haina nafasi ya mambo haya. Lakini hapa mna Jiografia, Sayansi na Insha kwa pamoja. Tena, malori yakirudi kesho, mwanakijiji asiye na ushahidi atamjibu nini mfanyabiashara? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu, wapeni wanafunzi daftari hilo.